Nyumba Inayoonekana

Mwaka ule wa sitini na saba, Kanyamibwa alikuwa amekwisha kuchelewa kazini mara mbili, na ya tatu haikuwa na msamaha: unafutwa, unarudi kwenye maharage yako. Alifanya kazi katika usine, kiwanda cha kukausha pareto, juu ya kilima kinachotazama Kirolirwe, na nyumba yake ilikuwa juu ya kilima cha ng'ambo. Katikati kulikuwa na bonde. Na bonde la Masisi, ndugu zangu, si mchezo! Unashuka umeshika nyasi, unavuka mto juu ya gogo, unapanda ukihema, saa mbili nzima zimekwenda. Mvua ikinyesha mto unafunika gogo, na hapo ni kuzunguka tu.

Kwa hiyo Direkta wa usine alipoleta mpango mpya wa kuwasaidia wafanyakazi kufika kazini, Kanyamibwa alipiga makofi kuliko wote. Aliyeusoma alikuwa karani, Papa Marcellin. Wanaokaa mbali, kupita kilometa tano, watapewa jetoni ya bati ya kumwonyesha dereva, na kupanda kamyo asubuhi na jioni. Wanaokaa karibu watatembea, lakini kila mwezi watapewa kipande cha sabuni, waoshe miguu na kushukuru.

"Na wewe, unakaa wapi?" Marcellin akauliza.

"Kule ng'ambo, Papa Karani."

Marcellin akainua macho. Kule ng'ambo mabati mapya ya Kanyamibwa yalikuwa yanang'aa juani, mabati ambayo majirani walikuja kuyashangaa tangu asubuhi mpaka jioni.

"Ile nyumba? Ah! Hata bila miwani naiona. Iko karibu."

Na hapo hapo saa sita ikafika, na sauti ya mwanamke ikavuka bonde: "Papa Libérata eee! Mama amekula!"

Alikuwa Thacienne, mke wake, akimwita kwa jina la binti yao. Tangu mama yake Kanyamibwa, bibi Nyiramana, aliposhindwa kusimama kwa miguu yake, Thacienne alipanda juu ya jiwe nje ya nyumba kila saa sita na kupeleka habari. Kanyamibwa hujibu, "Nimesikia!" kisha anarudi kwenye maua yake ya pareto moyo umetulia. Lakini siku ile watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Mke wako anakuita kwa mdomo, na wewe unaomba kamyo!" Marcellin akasema. Akaweka rula juu ya karte, ramani ya vilima vyote. "Kilometa mbili." Akamkabidhi sabuni.

Kanyamibwa akaenda kwa Straton, dereva wa kamyo, mtu aliyejua kila shimo la barabara mpaka Kashebere. Straton akahesabu kwa vidole. "Kwa barabara? Kumi na ine, kaka."

Sasa hapo kichwa kikamzunguka. Nyumba moja, na mlango wake ni ule ule. Kwenye karte iko kilometa mbili, chini ya magurudumu iko kumi na nne, na miguu haijui kilometa, inajua saa mbili na jasho. Akamuuliza Marcellin ipi njo ya kweli. "Kilometa ni kilometa," Marcellin akamjibu. Akamuuliza Straton. "Mie naendesha tu." Hivi mtu anaweza kukaa karibu na kukaa mbali siku moja? Alijiuliza mpaka akaunguza trei nzima ya pareto.

Kilichomvuruga zaidi ni Sebarenzi, mfanyakazi mwenzake. Sebarenzi alikaa nyuma ya kilima hicho hicho cha usine, mwendo wa saa moja tu, tena tambarare. Lakini Marcellin alipotazama upande ule aliona kilima peke yake, akaandika "mbali", na Sebarenzi akapata jetoni bila hata kukohoa.

Kanyamibwa akalala na jambo hilo, akaamka nalo. Mwishowe akaona, ao alidhani ameona: kisichoonekana wala kusikika, njo kiko mbali. Mtaniuliza, akili gani hiyo? Akili ya mtu aliyebanwa! Nani kati yenu angempa nyingine?

Jumapili, baada ya misa, akapanda juu ya nyumba. Akapaka mabati udongo na mavi ya ng'ombe, juu yake akalaza majani ya migomba. Thacienne alilia kwa uchungu, akitazama mabati yake yanavyozikwa.

"Na kuita pia basi," Kanyamibwa akasema kutoka juu. "Usiite tena."

"Hata nyumba ikiungua?"

"Hata ikiungua! Unataka wanifute? Sisi tuko mbali, unasikia? Mbali!"

Mwanzo wa mwezi Marcellin alitoka tena na daftari. Akatazama ng'ambo. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nyumba yako imeenda wapi?"

"Iko mbali, Papa Karani."

Marcellin alikuna kichwa, akaandika. Kanyamibwa akapewa jetoni, akaitia mfukoni, na mkono wake haukutoka mfukoni siku nzima.

Wiki mbili alipanda kamyo kama bwana harusi. Hakuchelewa hata dakika moja. Saa sita ikifika sikio lake lilikwenda ng'ambo lenyewe, kwa mazoea, na kuambulia upepo tu. Alimtakia mama yake heri. Hakuna neno, alijiambia, na maneno yake mwenyewe hayakumtuliza.

Siku ya Alhamisi kamyo ilimshusha barabarani jioni, akapanda njia ya nyumbani akipiga mluzi. Uwanja ulikuwa umejaa watu. Wanawake walikuwa wameketi chini, na Thacienne alisimama mlangoni, mikono yake ikinuka sabuni ile ya usine.

"Lini?" Kanyamibwa akauliza.

"Saa tisa. Lakini tangu saa tatu asubuhi alikuwa anakutaja. 'Kanyamibwa iko wapi? Mwiteni.'"

Saa tatu mpaka saa tisa! Bonde linataka saa mbili tu. Angefika, angeketi, angemshika mkono mpaka mwisho.

"Mbona hukuita?"

"Nilipanda juu ya jiwe mara tatu, Papa Libérata. Nilikuona pale mlangoni pa usine, na kofia yako. Nikafungua mdomo." Akajifuta macho kwa mkono wa nguo. "Ulisema tuko mbali."

Fimbo ya mbali haiui nyoka, wazee walisema. Lakini aliyeipeleka fimbo mbali ni nani? Kanyamibwa alikaa chini kati ya wanawake, akalia bila haya, akimwita mama yake kwa sauti ambayo ng'ambo nzima ingeisikia.

Asubuhi ilibidi usine ijue kwamba haji. Alipanda juu ya jiwe la Thacienne, akaweka mikono mdomoni.

"Papa Karani eee! Mama amekufa!"

Kule chini ya paa la usine watu wakasimama. Marcellin alitoka nje, akageuka huku na huku, akitafuta juu ya kilima chenye migomba na maharage tupu.

"Ni nani?"

"Ni mie! Kanyamibwa!"

"Sikuoni! Uko wapi?"

Kanyamibwa alifungua mdomo ajibu. Kisha akashuka jiweni, akapanda juu ya nyumba, akaanza kubandua majani ya migomba.