Mkatale wa Bwana Haldane

Jumatano asubuhi Bwana Prescott Haldane, mkurugenzi wa kijiji cha makumbusho ya zama za ukoloni hapa kwetu Virginia, alivaa wigi lake jeupe na suruali ya kuishia magotini, akaingiza shingo na mikono kwenye mkatale ili wageni kutoka Ohio wampige picha.

Mkatale ule, mbao mbili zenye matundu juu ya nguzo, ulikuwa na tabia ya kumbana mwongo mpaka aseme kweli. Wafanyakazi walishauzoea. Juzi tu mama mmoja alinasa hadi alipokiri kwamba ile pai iliyompa ushindi kwenye mashindano ya mapishi kanisani aliinunua dukani. Akapewa maji, akaenda zake.

"Kwenye kile kibanda nyuma ya jumba walilala akina nani?" mgeni mmoja aliuliza.

"Wasaidizi," alisema Haldane. "Walipendwa kama ndugu."

Mbao zikabana.

Odessa Pettiford, anayeigiza mpishi wa jumba, alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Kumbe leo ni zamu yako, bosi? Sema watumwa, utoke."

"Watu wamekuja kufurahi, Odessa. Nikisema hivyo, nani atanunua mkate wa tangawizi?"

"Haya, kaa humo. Supu nikuletee na mrija?"

"Niletee. Chumvi kidogo."

Ijumaa alikuwa bado yumo, akiwaelekeza wageni kwa kidevu. Binti yake Meredith alifika akilia. Harusi ilikuwa kesho yake, na alitaka babake ndiye ampeleke madhabahuni.

"Baba, sema basi! Hata kwa kunong'ona!"

Haldane alimtazama mwanawe, akafumba macho, akavuta pumzi. "Walikuwa... wasaidizi wa kudumu."

Mbao zikabana zaidi.

Seremala alileta msumeno. Kwenye mbao uliteleza kama kwenye jiwe, ila nguzo ilikatika bila shida. Kwa hiyo Jumamosi Haldane aliingia kanisani na mbao shingoni, akitembea kiubavuubavu, Meredith akiwa ameshika vidole vilivyochungulia tunduni. Mchungaji aliwaomba waliokaa kando ya njia wainame, mbao zisiwagonge. Tukainama.

Mpiga picha alimwomba anyanyue kidevu kidogo.

Jumatatu alikuwa langoni kama kawaida, na wageni walimsifu kwa kuigiza vizuri.

"Na kile kibanda cha nyuma?"

"Wasaidizi," alisema, kwa sauti nyembamba, maana nafasi ya koo ilikuwa imepungua tena.

Jikoni, Odessa aliongeza maji kwenye supu, ipate kupita.