Makofi ya Aliyeanguka

Syokimau alikuwa ameapa, na kiapo chake hakikuwa cha mdomoni tu: hoja ikikataliwa Bungeni leo, kikundi chake cha sarakasi pale Kangemi anakifunga. Mwezi uliopita Stacy, binti wa miaka kumi na miwili, aliruka vizuri kabisa akatua vibaya kwenye sakafu ya saruji, mkono ukavunjika mahali pawili. Magodoro ya kuangukia hawana, bima hawana, na ukumbi wenyewe ni wa kuazima. Kwa miaka ishirini Syokimau alisimama chini akabeba watu watano mabegani bila kulalamika, lakini kilio cha mtoto yule kilimshinda kubeba.

Hoja ilikuwa ya Mheshimiwa Muema, mbunge kijana, mpole kupita kiasi kwa kazi aliyoichagua. Alitaka serikali iitambue sarakasi kama sanaa nyinginezo, na vikundi vipewe kumbi, magodoro na bima. Basi Jumatano asubuhi Syokimau na wenzake tisa wakaketi kwenye jukwaa la wageni, migongo wima kama watu walio kanisani. Kando yake alikaa Hemed, mwalimu mwenzake wa sarakasi kutoka Mombasa, mtani wake tangu ujana.

"Mbona Muema anatetemeka hivyo?" Syokimau akanong'ona. "Si alituambia ako tayari?"

"Ebu mwache mwana wa watu," Hemed akamjibu. "Wewe siku yako ya kwanza ulitetemeka hata sisi tuliokuwa juu yako tukaanza kutoa shahada kama watu wanaokata roho."

Muema alianza vizuri. Hakufika mbali, kwa maana Mheshimiwa Kiema, bingwa wa mizaha wa Bunge zima, alikuwa ameshasimama.

"Hoja ya nidhamu, Mheshimiwa Spika! Mwenzangu anataka serikali igharimie sarakasi. Kwani hajui sisi tayari tunalipwa? Mimi mwenyewe nimeruka vyama vinne na sijavunjika hata ukucha!"

Bunge likaangua kicheko. Spika mwenyewe aliinamisha uso asionekane meno. Muema alijaribu kucheka nao, karatasi zikamponyoka, akaziokota zikiwa zimechanganyika. Akafungua kinywa. Akasoma mwisho wa hotuba badala ya mwanzo. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Keti!"

Sasa, katika sarakasi aliyeanguka haachwi hivyo. Hupigiwa makofi palepale, tena na wote, ili ainuke arudie mruko uleule kabla hofu haijamwingia mifupani. Syokimau alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka yote ishirini, na mikono yake haikumwomba ruhusa. Ikapiga. Hemed akapiga. Mara viganja vya watu kumi vikawa vinavuma juu ya vichwa vya waheshimiwa, ilhali mlangoni walikuwa wameonywa mara tatu kwamba mgeni hatakiwi hata kukohoa kwa nguvu.

"Wageni hao watolewe," akasema Spika.

Nje, karibu na kibanda cha askari, Syokimau alijitupa kwenye ukingo wa barabara. "Nimeiharibu hoja mimi," akasema. "Na hii mikono yangu."

Hemed aliusahau utani wake. "Dada, mikono hiyo imenidaka mimi zaidi ya mara mia. Usiitukane mbele yangu."

Askari aliyewatoa alikuwa na redio kibandani, naye kwa huruma akaiongeza sauti. Muema alikuwa akizungumza.

"Mheshimiwa Spika, wale wageni hawakukosa adabu. Kwao, mtu akianguka hupigiwa makofi ili arudie. Mimi nimeanguka hapa mbele yenu. Naomba nirudie."

Akarudia, bila karatasi. Aliwaeleza saruji ya Kangemi na mkono wa Stacy, na hakuna aliyemkatiza. Spika alipouliza wanaokubali, ile "Ndiyo" ilisikika hata bila redio. Syokimau alilia papo hapo, hadharani, wala hakutafuta leso. Alijua kwamba hoja kupita si magodoro kufika, lakini kikundi chake kilikuwa hai, na alikipenda kuliko alivyowahi kukiri.

Walikuwa bado wanakumbatiana Mheshimiwa Kiema alipotoka. Aliwaendea polepole, ule uchangamfu wake ameuacha ndani.

"Mama," akamwambia Syokimau, "mimi nimeanguka mle miaka tisa, nikijificha nyuma ya mizaha. Hakuna aliyenipigia makofi hata siku moja."

Syokimau alipangusa macho akamtazama vizuri. "Mheshimiwa, si wewe huangukanga ukiwa umekaa? Hiyo ya bila kujaribu sisi hatupigii."

Hemed alishika ukuta kwa kicheko. Kiema naye alicheka, kisha akasogea karibu.

"Na nikisimama?"

"Simama uhakikishe hayo magodoro yamefika kwa watoto," Syokimau akasema. "Ukianguka hapo, baba, tutapiga mpaka watu wa Kinoo wasikie."