Maua ya Wanaume Wawili

Raylene alikuwa na mimba ya miezi minne na hofu ya kila Jumamosi. Siku hiyo kaka yake, Lorne, huja na katoni ya bia, mumewe Garnet huwasha televisheni, na sebule yao ndogo ya Winnipeg, Kanada, hugeuka uwanja wa hoki. Kliniki walimwambia asionje hata tone, kwa ajili ya mtoto, naye alikubali kwa moyo wote. Lakini Jumamosi iliyopita mkono wake ulikuwa umeshashika kopo kabla hajajitambua. Kuwakataza aliona haya.

Hofu hiyo alimnong'oneza Shangazi Verna tu. Shangazi akaja na kitambaa cheusi, sindano na shanga.

"Mtoto anahitaji mfuko wa shanga wa kufungiwa akizaliwa, kama walivyofungiwa wazee wetu," akawaambia wanaume. "Kila mmoja atashona ua lake. Na mila mnaijua: aliyekunywa pombe haigusi kazi hii mpaka zipite siku nne."

"Shangazi, vidole hivi vimezoea matairi!" alilalama Lorne.

"Vitazoea na shanga. Na wewe Garnet, hiyo ni sindano, si mkuki wa samaki."

Wiki nzima walishona na kuchambana.

"Shemeji, hilo ni ua au ajali?" aliuliza Garnet.

"Langu lina petali tano. Lako lina miguu!"

Jumamosi ya mechi kubwa, Lorne akaingia na katoni yake kama kawaida. Macho ya Raylene yakaifuata.

"Siku nne, shemeji," Garnet alimkumbusha. "Na Shangazi anauchukua mfuko Jumatatu."

"Kopo moja tu! Ua likibaki nusu, shauri yake."

"Sawa. Mtoto akiuliza nani kashona hiki kituko, nitamwambia ni mjomba wake."

Lorne akacheka, kidole tayari kwenye kopo.

"Kaka," Raylene akasema. "Si ua tu. Mkinywa hapa, na mimi natamani. Naogopa nitamdhuru mtoto."

Lorne akaliweka kopo chini.

"Mbona hukusema, dada?"

"Mlikuwa mkifurahi."

Lorne akaibeba katoni hadi garini, akarudi na theluji mabegani, akaketi.

"Haya, nani kaniibia shanga zangu nyekundu?"

"Umezikalia, bwege!" alisema Garnet, na Lorne alipoinuka zikamwagika sakafuni.

Bao la kwanza lilipofungwa, wote watatu walikuwa chini ya meza wakiziokota, Raylene akicheka mpaka akashika tumbo.