Hasira ya Mama Fidelis na Jua la Mlimani

Katika Jumuiya ya Mtakatifu Monika, huko juu ya Kinole, kila Jumamosi asubuhi watu husoma neno, wakalitafakari, halafu kila mmoja akachagua jambo la kuliishi wiki nzima. Jumamosi inayofuata husimama mbele ya wenzake akaeleza lilivyomwendea. Wengi ni wajanja. Huchagua mambo mepesi, kama kumtembelea mgonjwa ambaye ni jirani wa ukuta kwa ukuta, au kumvumilia mume, kazi ambayo wameifanya tangu waolewe. Wiki hiyo somo lilitoka katika waraka wa Paulo kwa Waefeso, pale anapowaonya waumini jua lisiwachwee wakiwa bado na hasira moyoni. Katekista Eustace hajafunga hata kitabu, Anastasia akanyoosha mkono.

"Hilo nalichukua mimi," akasema.

Watu wakatazamana. Anastasia, ambaye kitongoji kizima kinamwita Mama Fidelis, alikuwa mtu wa msaada kwenye misiba na mpishi wa kutegemewa kwenye harusi, lakini kwa kununa hakuwa na mpinzani. Alinuna kwa hatua. Kwanza haitikii salamu, kisha anaitikia puani, kisha anamtuma mtu amfikishie ujumbe jirani aliyeketi mbele yake. Yuko mama mmoja aliyenuniwa tangu karafuu zinachumwa hadi mananasi yakaiva, na mpaka leo hajui kosa lake. Kwa hiyo aliponyoosha mkono wengine walikohoa, na mumewe Yeremia akainama kufunga kamba za viatu, ilhali alikuwa amevaa kandambili.

Tuseme ukweli, alijitolea kwa sababu siku hiyo hakuwa na ugomvi na mtu. Alipitisha majirani wote kichwani, mmoja mmoja, akaona hakuna anayemdai neno. Akajua wiki itapita salama na Jumamosi atasimama kifua mbele.

Jumatano akashuka gulioni Kinole na ndizi zake. Shakila, mchuuzi anayepanda kutoka Morogoro mjini kununua mikungu, akampokea kwa bashasha.

"Hongera, mama. Nimesikia Joyce kaposwa. Wazee wa upande wa mume si ndiyo wanakuja Jumapili?"

Anastasia akasema ndiyo, ahsante, Mungu mwema. Akapokea pesa zake bila kuzihesabu, jambo lililomshtua Shakila, akashika njia ya kurudi. Joyce ni binti wa Veronika, na Veronika ni mdogo wake Anastasia, wamefuatana ziwa. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mama mkubwa ni mama kamili, si wa kuhesabiwa pembeni. Joyce huyo amebebwa na mgongo huu huu unaopanda mlima sasa. Halafu anaposwa, na mama mkubwa anakuja kuambiwa na muuza ndizi. Ni sawa na kuzika mtu bila kumpa taarifa mjane.

Njia nzima alitunga hotuba. Alipofika kwenye kisima ilikuwa na mwanzo mzuri. Alipofika kwake ilikuwa na mwanzo, katikati, na mahali pa kulia.

Alimkuta Yeremia barazani akibandua magome ya mdalasini. Akammwagia habari yote bila kukaa. Yeremia alisikiliza kwa heshima, maana alikuwa na uzoefu, kisha akainua macho mlimani.

"Pole, mama. Kweli wamekukosea," akasema. "Ila jua hilo linaondoka."

Na kweli. Upande huu wa mlima jua lina haraka. Watu wa mjini, walioko upande wa pili, huwa bado wanatafuta kivuli wakati huku kuku wameanza kuingia bandani. Saa kumi haijatulia, mlima unalimeza, na bonde lote linabaki na ubaridi na moshi wa majiko. Anastasia alitazama jua likiwa limekaa juu ya kilele, akaona limebakiza dakika chache, na hasira yake bado mbichi kabisa. Hata kuisema hajaisema.

"Hilo si kuchwa," akasema. "Hilo limezibwa tu na mlima."

"Kwa hiyo halijachwa?"

"Paulo alikuwa anawaandikia watu wa Efeso. Unadhani Efeso kuna mlima kama huu?"

Yeremia akasema Efeso hajafika. Akarudi kwenye mdalasini wake, huku mabega yakimtikisika kidogo. Anastasia akajifunga kanga ya pili kiunoni. Kama jua linakimbilia juu, na yeye atapanda juu, maana mradi analiona, hasira yake ni halali. Kwamba njia ya kupanda ndiyo hiyo hiyo iendayo kwa Veronika, hilo alisema ni bahati.

Kwa katekista Eustace alipita kivuli kikimfuata nyuma hatua chache. Katekista alikuwa anafunga michongoma kwenye uzio. Anastasia akamuuliza, bila kutaja mtu, jua huhesabiwa limechwa lini.

Eustace alikuwa mtu mwangalifu, na swali lililotoka kwa Mama Fidelis alilishika kama mtu anavyoshika kaa la moto. Akasema jambo la maana ni moyo. Anastasia akasema moyo anaujua, anauliza jua. Eustace akasema katika mafunzo yao hawakufika huko. Akaongeza kwamba yeye angemshauri asamehe mapema tu, saa nane au saa tisa, ili kuepuka mashaka. Anastasia akamshukuru, akaendelea kupanda, akaona hata kanisani siku hizi watu hawajibu kilichoulizwa.

Juu zaidi kulikuwa na nyumba ya Mzee Hatibu, anayeadhini katika msikiti mdogo wa huko juu. Yeye jua ni kazi yake. Alikuwa ameketi nje na birika la kutawadhia, akilitazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Fidelis. Mbona mbio?"

"Naomba kuuliza. Bondeni kwetu jua limeshapotea. Hapa bado lipo. Mtu afuate lipi?"

"Analoliona yeye," Mzee Hatibu akajibu bila kufikiri. "Sisi mwenye kufunga akiwa juu ya mlima, maadamu jua analiona, hafuturu, hata kama wa bondeni wameshamaliza uji. Kwani umefunga?"

"Sijafunga. Nimekasirika."

Mzee Hatibu akamwonyesha njia kwa birika. "Basi panda," akasema. "Pale kwa Veronika utapata kama nusu saa zaidi."

Anastasia alifurahi kupata mtu anayejua mambo. Alipanda akihema, magoti yakilalamika, lakini kila alipotoka kwenye kivuli akaingia tena kwenye mwanga alijiona mshindi. Hotuba aliipitia upya. Alipunguza sehemu ya kulia, akaongeza sehemu ya mgongo uliombeba Joyce.

Nyumba ya Veronika iko juu kabisa, kwenye mgongo wa mlima, karibu na msitu. Ukisimama uani unaona upande wa pili wote, mpaka mabati ya mjini yanayong'aa, na jua lilikuwa bado liko juu ya tambarare, jekundu, halina wasiwasi. Anastasia akapiga hodi. Kimya. Akapiga tena, akaingia uani. Mlango ulikuwa wazi. Ndoo ya maji ilikuwa imeachwa katikati ya njia. Jikoni sufuria ya maharage ilikuwa inafoka na kuzima moto, na hakuna mtu.

Maharage yanaharibika na yeye yuko hapo, asingeweza kuyaacha. Akaipua, akaongeza maji, akachochea kuni, akayarudisha. Akaonja, akatia chumvi. Kisha akakaa kwenye kigoda kulisubiri windo lake, akiangalia jua kwa jicho moja.

Ndipo mtu akapiga chafya ndani ya stoo.

Ilifuata chafya nyingine, halafu zikaja mbili kwa pamoja. Stoo ya Veronika msimu huo ilikuwa imejaa magunia ya pilipili manga, na hakuna mwanadamu anayeweza kukaa humo muda mrefu kwa siri. Mlango ukafunguka, Veronika akatoka, mama mzima mwenye wajukuu kwa mtoto wake wa kwanza, machozi yanamtiririka na kilemba kimekaa upande.

"Karibu, dada," akasema, akapiga chafya.

"Unajificha nini nyumbani kwako?"

Veronika akajifuta macho kwa kanga. Akatazama magharibi kwanza, halafu akamtazama dada yake.

"Nilikuona ulipotoka kwa Mzee Hatibu. Ule mwendo naujua. Na huku tumeshasikia, uliahidi jumuiyani kwamba hasira yako mwisho wake ni jua kuchwa. Nikasema tukae stoo mpaka lichwe, tutoke ukiwa umeshasamehe."

Anastasia alifungua mdomo aanze hotuba. Mwanzo ulikuwepo, ulikuwa tayari kabisa ulimini. Lakini alichosema kilikuwa kingine.

"Kwa nini hukuniambia, Vero?"

"Nilikuogopa."

"Mimi?"

"Wewe, dada. Wakati wa posa ya Martina walikuja watu na heshima zao, wazee wametembea kutoka mbali. Ukamwuliza yule kijana mbele ya wazazi wake kama kwao hakuna kioo. Wakanywa maji, wakaaga. Hawakurudi."

Kisa hicho Anastasia alikuwa anakipenda. Amekisimulia kwenye misiba, kwenye ngoma, hata kwa Shakila, na kila mahali watu walishika mbavu. Martina ni dada yake Joyce, siku hizi yuko Turiani, anafanya kazi kwenye kiwanda cha sukari, na Krismasi haji.

"Watu wote walicheka siku ile," akasema, kwa sauti ndogo.

"Martina hakucheka."

Maharage yalianza kuchemka tena. Anastasia akainuka akayafunika nusu, akakaa. Aliumia, na maumivu hayo hayakuwa hasira, ingawa alijaribu kuyageuza yawe hasira, kwa kuwa hiyo angalau alijua namna ya kuibeba. Alipanda mlima mzima akimshitaki mdogo wake kwa kumtenga. Kumbe watu wamekuwa wakijificha kwenye pilipili kwa sababu yake.

"Joyce yuko wapi?" akauliza.

Veronika akageukia stoo. "Toka, mama."

Joyce akatoka, macho mekundu, vumbi jeusi la pilipili kwenye nywele alizokuwa amesuka kwa ajili ya Jumapili. Alipofika mbele ya mama yake mkubwa hakupiga magoti mara moja. Kwanza alimtazama Veronika, haraka tu, kama mtoto anayeuliza kama mbwa huyo amefungwa. Veronika akaitikia kwa kichwa. Ndipo binti akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

Anastasia aliliona lile jicho. Alikuwa amembeba mtoto huyu mgongoni miaka mingapi, akamfundisha kumenya muhogo, akamnyoa kichwa kilipotoka vipele kwa wembe wake mwenyewe, na bado binti ameomba ruhusa kwanza.

"Marahaba, mwanangu," akasema. Akamshika mikono, akamwinua. Akamfuta vumbi kwenye nywele, akapiga chafya, na Joyce akacheka kabla hajakumbuka kuogopa.

Walikaa jikoni wote watatu. Kwa nje mwanga ulikuwa unapungua na Mzee Hatibu alianza kuadhini huko chini kwake. Anastasia hakugeuka kuangalia.

"Siku ya Jumapili," akasema, "mkitaka nisije, nitabaki nyumbani. Nitamwambia Baba Fidelis naumwa mgongo. Sitanuna."

Maneno hayo yalimgharimu. Veronika alimjua vya kutosha kuona hivyo. Akakoroga maharage, akaonja, akagundua kwamba yameshatiwa chumvi.

"Uje," akasema mwishowe. "Uje mapema tupike. Wageni wakifika ukae jikoni. Sebuleni nitakuita mimi."

Mama mkubwa kukaa jikoni siku ya kupokea wakwe ni jambo ambalo majirani wataliongelea mpaka Pasaka. Anastasia alilimeza.

"Nitakaa jikoni. Na ukiniita, nikianza kuuliza maswali, nikanyage mguu."

"Nitakukanyaga kwa kisigino, dada."

"Kanyaga."

Joyce akapakua maharage na ugali, wakala kwa sahani moja kama zamani. Yeremia alipiga simu kuuliza kama mkewe amefika salama na kama kuna majeruhi. Veronika akamjibu kwamba wote wako hai na kwamba Mama Fidelis atalala huku huku, asimsubiri.

Baada ya kula Anastasia alinawa mikono taratibu, akajikausha kwa upindo wa kanga.

"Jumatatu nitakwenda Turiani," akasema.

"Kwa Martina?"

"Kumwomba radhi."

Veronika alikusanya vyombo bila kuinua uso. "Usijipe moyo sana," akasema. "Akikuona unakuja, atajificha."

"Najua," akasema Anastasia. "Nitakaa nje mlangoni mpaka atoke."