Ukoo wa Tumboni

Nafundisha udereva, kwa hiyo kila nilipolalamika tumbo watu walinijibu neno moja: hasira. Mke wangu alisema hasira. Mkuu wa chuo alisema hasira. Hata mwanafunzi aliyeparamia bustani ya watu, mguu ungali kwenye pedeli ya mafuta, alinigeukia akasema, "Mwalimu, punguza hasira, utapata vidonda vya tumbo." Nusura nimtoe kupitia dirishani.

Basi daktari aliponimezesha mpira wenye kamera, akachota kipande kidogo cha utando wa tumbo na kuniambia vidonda vyangu vimeletwa na bakteria, nilitaka kumkumbatia. Si hasira! Nina wadudu!

"Umewapata kwa mtu," akasema. "Mara nyingi ni wa nyumbani humo humo."

Nilimjua. Mama mkwe alihamia kwetu baada ya kufiwa, na tangu hapo jiko ni lake. Huonja mchuzi kwa mwiko, kisha mwiko uleule huurudisha sufuriani na kukoroga. Nimesema mpaka mate yamenikauka. Jioni ile nikasimama sebuleni, mikono kiunoni, nikatangaza: atakayebainika ndiye aliyewaleta wadudu ndani ya nyumba hii, ataondoka.

"Unamfukuza mama?" mke wangu akauliza.

"Mimi simfukuzi mtu. Maabara ndiyo itakayofukuza."

Mama mkwe hakubisha. Alikwenda akaumeza ule mpira bila hata kukunja uso, wakati mimi walinishika wauguzi wawili. Lakini asubuhi ya majibu nilikuta begi lake limefungwa, liko mlangoni, naye amevaa viatu. Moyo ulinisuta. Nikaunyamazisha, nikaondoka na mke wangu kwenda hospitali.

"Bakteria wenu ni ukoo mmoja," daktari akaanza, nami nikamkonyeza mke wangu. "Sasa, hawa wakizaliana hukosea kidogo, mtoto hatoki sawasawa na mzazi. Wanaoshindwa na tumbo hufa. Wanaoliweza hubaki, wakazaa wenzao. Miaka ikipita, kila tumbo linakuwa na wadudu wake." Akatugeuzia kompyuta. "Wadudu wa mama wana mabadiliko yote ya wa kwako, na juu yake wana mengine mapya. Wa kwake ni watoto wa wa kwako."

"Yaani amewaleta yeye."

"Yaani umempa wewe."

Mke wangu akakohoa kidogo. "Lile jagi la maji kwenye friji, nani kila akirudi kazini analipiga tarumbeta, mdomo kwa mdomo bila glasi?"

Nikamgeukia daktari haraka. "Mbona yeye haumwi?"

"Wa kwako wana sumu kali. Walipoingia kwake waliipoteza, wakapoa. Ila mtatibiwa wote kwa pamoja, la sivyo mtarudishiana."

"Hata bakteria," mke wangu akasema, "wakifika kwa mama wanashika adabu."

Njia nzima sikumfokea dereva yeyote, hata yule aliyenichomekea kwenye mzunguko. Nilikuwa napanga maneno, na yote niliyoyapata yalikuwa mafupi.

"Mama, ni mimi," nikasema nilipofika. "Wametoka kwangu. Naomba unisamehe."

Alinitazama mpaka nikainamisha uso. Kisha akafungua begi, akatoa nguo zake moja moja, akalikung'uta, akanikabidhi likiwa tupu.

"Ahadi ni deni, mwanangu."

Nikacheka. Hakuna aliyecheka nami. Mke wangu alikuwa ameshafungua mlango, na niliposita alinisogeza begani kwa kidole kimoja. Nikatoka. Nyuma yangu nikasikia ufunguo ukizungushwa. Jirani aliyekuwa anaanua nguo akaniuliza safari ya wapi, nikajifanya sikusikia.

Nikabisha hodi. Nyumba yangu mwenyewe, kodi nalipa mwenyewe.

"Nani?" sauti ya mama mkwe ikauliza.

"Mimi, mama. Mkweo."

"Ngoja kwanza. Napanga nguo zangu kabatini."

Nikangoja. Mwanzoni nilikasirika, kisha hasira ikaisha, nikabaki na aibu tupu, maana nilijaribu kufikiria pa kwenda usiku ule na sikupata hata mahali pamoja. Wala yeye, asubuhi ile alipofunga begi, hakuwa napo.