Gari Lililokuwa Safi Mno

Mtaa mzima ulimwita Kitambaa, na yeye hakulichukia jina hilo. Lilimkaa. Ama kitambaa kilikuwa begani, ama kilichungulia kutoka mfuko wa nyuma wa suruali, na hakuweza kupita kando ya lile gari kubwa jeusi bila kulipangusa mahali, hata kama mahali penyewe hapakuwa na kitu. Alikuwa dereva wa wakili mmoja, mtu mrefu wa sauti nzito. Gari alikabidhiwa likiwa bado na nailoni kwenye viti, na kwa miaka kumi na minne alililea kama mtu anavyomlea mtoto wa kaka yake: si wake, lakini akipata mkwaruzo ataulizwa yeye.

Sasa wakili alikuwa amefariki. Mwaka na zaidi ulipita, gari likiwa linatoka mara moja moja tu, ndipo mjane wake akaamua liuzwe. Mama mwenyewe hakuwahi kujifunza kuendesha. Akamwambia Kitambaa kwamba yeye ndiye anayelijua, basi yeye ndiye atakayelionyesha kwa wanunuzi.

Mnunuzi hakuchelewa kupatikana. Alikuwa mhandisi wa madaraja, mtu wa maneno machache, aliyetaka gari la kumpa heshima mjini na lisilomwaibisha kwenye barabara za vumbi anakokwenda kujenga. Alilizunguka mara mbili, akakaa ndani, akashuka, akasema amelipenda. Ila hakuwa tayari kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Angerudi Jumamosi na fundi wake, na alipolitaja jina la fundi huyo, Kitambaa aliacha kupangusa.

Fundi mwenyewe aliitwa Darubini. Hakuna dereva wala dalali wa magari aliyekuwa hamjui. Alikuwa mzee mwembamba, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi wa kiatu, na kazi yake ilikuwa moja tu: kukagua magari yaliyokwisha kutumika na kumwambia mnunuzi anunue au akimbie. Mara nyingi alisema akimbie. Ilisemwa kwamba aliwahi kulikataa gari kabla hajafungua mlango, kwa sababu tu muuzaji alilisifu kupita kiasi.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, Darubini aliingia getini, na kabla ya salamu akaweka kiganja juu ya boneti. Lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Kitambaa alitabasamu moyoni. Alijua mchezo huo: muuzaji mjanja huwasha gari mapema ili injini ipate moto, moshi wa asubuhi na milio ya ubaridi visisikike. Yeye hakuwa ameligusa tangu jana mchana.

Ndipo fundi akasalimia, akaomba ufunguo, akaliwasha. Akainama nyuma ya bomba la moshi na karatasi nyeupe mkononi, akaitazama kama imeshika masizi, akaikunja. Akatandika kipande cha boksi chini, akalala chali na kupotelea uvunguni na tochi yake. Kitambaa alisimama pembeni, mikono nyuma, kama mzazi shuleni siku ya matokeo. Alipoona fundi ametoka uvunguni bila neno, alijua huko kumepita salama.

Balaa lilianza boneti lilipofunguliwa. Darubini alivaa miwani, akatazama ndani kwa muda mrefu, kisha akamgeukia mhandisi, si Kitambaa.

"Hili gari ni safi mno," alisema.

Mhandisi aliuliza kama usafi nao ni ubovu. Fundi akamweleza kwa upole kwamba injini iliyofanya kazi miaka kumi na minne huwa na jasho lake: vumbi hapa, doa la oili pale. Hii ilikuwa imeogeshwa. Na mtu haogeshi injini siku ya kuuza ila awe na jambo analofuta. "Hafuti machozi ya oili mpaka awe anajua injini inalia wapi," alimalizia.

Kitambaa alijitahidi sauti isipande. Alisema yeye huiosha injini hiyo kila Ijumaa, tangu gari likiwa jipya.

"Kila muuzaji niliyekutana naye huosha kila Ijumaa," alijibu Darubini, bila kejeli, kama mtu anayetaja saa.

Ikawa kama amefungua mfereji. Usukani ulikuwa haujachubuka; kwa nini? Mpira wa pedeli ya breki bado ulikuwa na mistari yake; kwa nini? Mita ilisema kilomita laki moja na elfu kumi na nane. Kwa umri huo, ama gari lilikuwa limelala sana, ama kuna mkono ulioirudisha mita nyuma. Mhandisi alianza kuitazama saa yake. Mama, aliyekuwa ameketi barazani na kikombe cha chai, aliacha kunywa.

Hilo Kitambaa hakulikubali. Angeitwa mzembe angevumilia; mwizi wa kilomita, la. Aliondoka bila kuaga, akaingia stoo, akarudi amekumbatia sanduku la mbao, amelemewa nusu ya kuanguka. Akalitua miguuni pa fundi na kufungua kifuniko.

Ndani mlijaa vyuma na mipira iliyokufa. Pedi za breki zilizolika, seti kwa seti. Mikanda iliyopasuka. Pampu ya maji, plagi, diski mbili za breki, shokapu. Kila kimoja kilifungwa kikaratasi kwa uzi, na kwenye kikaratasi, kwa mwandiko wa mtu asiye na haraka, palikuwa na tarehe kilipotolewa na kilomita zilizosomeka siku hiyo. Hakuna kipuri kilichowahi kutoka kwenye gari lile kisiishie humo.

Darubini alichuchumaa. Alichukua pedi moja, akaipima kwa ukucha, akasoma kikaratasi, akachukua ya pili. Akaziweka chini kwa mpangilio wa miaka. Dakika kumi nzima midomo yake ilikuwa ikipiga hesabu za kilomita.

"Mbona unatunza maiti?" aliuliza hatimaye.

"Ili siku mtu akiniuliza zilikufaje, niwe na jibu."

Fundi alicheka kidogo puani. Akaunganisha kompyuta yake ndogo chini ya dashibodi, akasoma kumbukumbu za injini na za giaboksi, akazilinganisha na vikaratasi. Zilikubaliana. Akamwambia mhandisi kwamba mita haijaguswa. Magurudumu haya yalizungushwa na mtu mwenye miguu ya taratibu, basi. Kitambaa akaanza kurudisha vipuri sandukuni.

Lakini Darubini hakuitwa Darubini bure. Alitoa mfukoni kidude cha kupimia unene wa rangi, akaanza kukigusisha kwenye bati, paneli kwa paneli. Boneti, sawa. Mlango wa mbele, sawa. Kwenye mlango wa nyuma wa kushoto kidude kililia.

"Hapa pamepakwa upya," alisema. "Mlango huu uligongwa."

Mhandisi, kwa mara ya kwanza, alimtazama Kitambaa moja kwa moja na kumuuliza ni nani aliyegonga.

Ukweli ni kwamba Kitambaa hakuwa ndani ya gari siku hiyo. Miaka tisa nyuma, Jumapili moja, wakili alichukua ufunguo akasema leo anaendesha mwenyewe. Alikuwa na tabia ya kumwambia mkewe kwamba hakuna dereva wa kuajiriwa anayemfikia, na mkewe alikuwa na tabia ya kutoamini. Wakati wa kurudi akakata kona mapema, mlango ukasugua nguzo ya geti. Alishuka uso umemshuka, mtu mzima yule anayetetemesha mahakama, akamshika Kitambaa mkono na kumwomba jambo hilo libaki baina yao wawili. Basi Kitambaa akaenda kwa Mama akasema ni yeye. Alikaripiwa, akainamisha kichwa, akaupeleka mlango kupakwa rangi. Ahadi kwa aliye hai unaweza kwenda kumrudishia ukishindwa kuibeba. Aliyekufa, utamrudishia nani?

"Ni mimi," alisema. "Niligonga nguzo ya geti."

Aliona neno lile likimgharimu hapo hapo. Fundi aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyekipata alichokijia. Mhandisi alitazama sanduku la vipuri, akamtazama mwenye sanduku, na sifa zote za asubuhi ile zikaanza kumtoka usoni. Mtu anayegonga nguzo ya geti lake mwenyewe, amegonga nini kingine huko njiani?

"Si kweli," sauti ilisema nyuma yao.

Mama alikuwa ameshuka barazani. Alifika mpaka kwenye mlango ule, akauwekea mkono.

"Aliyegonga ni marehemu mume wangu. Jioni ile ile nilipanda gari kwenda kumwona dada yangu, nikakiona kiti cha dereva kimesukumwa nyuma hadi mwisho. Mtazameni shemeji yangu huyu alivyo. Kiti kikiwa kule, miguu yake inaifikia breki?"

Kitambaa alikuwa mfupi, na hakuna aliyewahi kulificha hilo. Mhandisi alikohoa ili asicheke. Hata Darubini alivua miwani na kuifuta.

"Ulijua, Mama?" Kitambaa aliuliza.

"Nilijua, nikanyamaza. Mume wangu alikuwa na majivuno mengi, na hilo la barabarani alilipenda kuliko yote. Wewe ukakubali kuaibika ili abaki nalo. Ningewavurugia kwa faida gani?" Akawageukia wageni. "Niliwakaripia wote wawili kwa kumkaripia mmoja. Lakini mbele ya wageni, shemeji yangu hatabeba mzigo usio wake."

Shemeji. Alilisema mara mbili. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akimwita dereva, kwa heshima lakini dereva, na mumewe ndiye aliyekuwa akimwita ndugu yangu. Kitambaa akatoa kitambaa chake akaupangusa ule mlango, nao haukuwa na vumbi lolote.

Darubini aliuchunguza upya kwa mkono na kwa jicho, akagonga bati kwa kifundo cha kidole, akafungua na kufunga. Chuma cha ndani kilikuwa kimenyooka. Ilikuwa rangi tu. Kisha akasema maneno mafupi: "Twende mlimani."

Alishika usukani yeye, mhandisi kando, Kitambaa nyuma, mahali ambapo hakuwahi kukaa. Ilikuwa adhabu. Fundi alilipandisha gari kilima kikali taratibu, kisha akalipandisha tena kwa kasi. Alilipeleka kwenye barabara ya mawe ambako Kitambaa angeshuka kwanza akayaomba radhi magurudumu. Kila shimo lilimwingia mgongoni yeye. Gari lilipita kote kwa ule mngurumo wake wa chini, halikugonga wala kulia, na kwenye lami lilipoachiwa usukani lilikwenda mbele limenyooka. Walitembea kilomita arobaini.

Waliporudi, injini ikiwa na moto wake wote na vumbi limeingia kila pembe, Darubini alifungua boneti na kunyoosha mkono bila kugeuka.

"Hebu hicho kitambaa chako."

Akakipitisha kwenye viungo vya injini, chini ya pampu, kando ya giaboksi, mahali pote ambapo oili hupenda kujipenyeza. Akakikunjua juani, wote wakakitazama. Kilikuwa na vumbi jekundu, kikavu. Hapakuwa na tone.

"Hailii popote," alisema fundi. "Nunua."

Mhandisi alinyoosha mkono kwa Mama wapeane ahadi, na hapo Kitambaa akasema, "Bado."

Wote walimgeukia. Alitaka kunyamaza, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini gari hilo lilikuwa limesemewa ukweli wote isipokuwa huo mmoja. Akaeleza kwamba likikaa siku tatu bila kuwashwa, nyuma upande wa kulia linashuka, upana wa vidole viwili hivi. Mfuko wa hewa unaolibeba upande huo umeanza kuchoka. Kwa kuwa jana liliwashwa, leo wasingeona. Lilianza kama mwezi mmoja uliopita, na Mama alikuwa bado hajaambiwa, maana Kitambaa alitaka kwanza awe na hakika.

Darubini aliomba maji ya sabuni. Akarudi uvunguni, akaumwagia mfuko ule, akasubiri. Wakamsikia akiguna. Alipotoka alisema kuna mapovu madogo, mawili matatu, kama ya samaki anayelala. Akajipangusa mikono polepole.

"Nakagua magari mwaka wa thelathini na moja huu," alimwambia Kitambaa. "Nimefichwa mengi. Kuonyeshwa ugonjwa nilioukosa mimi mwenyewe, sijawahi."

Mama alitaka mfuko ubadilishwe kwanza. Mhandisi akakataa, akasema ataubadilisha mwenyewe, hilo ni jambo la siku moja, na kwamba baada ya kuambiwa ubovu ndipo alipoyaamini mazuri yote. Wakashikana mikono. Kabla ya adhuhuri gari lilitoka getini, na nguzo zote mbili likaziacha mbali.

Kitambaa alirudi kwake kwa miguu, kifua mbele. Watu wa mtaa, waliozoea kumwona nyuma ya usukani, walimuuliza gari liko wapi. Akawajibu kwamba limeuzwa, na kwamba Darubini alilipekua tangu asubuhi na ubovu wake aliuona tu alipoonyeshwa. Alimsimulia mwenye duka, akamsimulia kinyozi na mteja wake aliyekuwa nusu amenyolewa. Aliwasimulia hata wasiouliza. Nyumbani mkewe alimsikiliza mwanzo hadi mwisho, akamtaka arudie sehemu ya shemeji mara mbili ili aisikie vizuri, kisha akamwambia akanawe mikono, chakula kinapoa.