Viganja vya Afande

Alasiri iliyofuata mazishi, fundi miwani alikuwa jikoni kwa mama yake akiosha bilauri zilizotumiwa na waombolezaji, alipoona kwamba alama nyeusi ya gumba kwenye mojawapo haitoki. Aliisugua kwa sabuni, kisha kwa chumvi. Kazini kwake alishinda akifuta alama za vidole kwenye lenzi, kwa hiyo hakuwa mtu wa kushindwa na gumba moja. Aliiinua bilauri kwenye mwanga wa dirisha. Kovu lilikuwa limeikata alama hiyo kimshazari. Lilikuwa gumba la Afande, baba yake wa kambo, waliyemzika jana yake.

"Achana nayo," mama yake alisema bila kugeuka. "Hata birika lina lake."

Kabla jua halijazama, kila kitu alichowahi kukigusa marehemu kilikuwa kimetoa alama zake kwa wino mweusi, ule ule wa chumba cha alama za vidole katika kituo cha polisi, alikofanya kazi hadi alipostaafu. Vitasa vilitoa, swichi zilitoa, na redio nayo ilitoa pale alipozoea kuipiga kofi ishike mawimbi. Majirani walikuja na vyao. Fundi baiskeli alileta spana. Mwalimu mstaafu alionyesha bega la shati ambapo Afande alimshika siku mkewe alipofariki, akasema hatalifua tena. Hakuna aliyeshangaa. Mtu aliyeipenda kazi yake namna ile, walisema, angeiacha vipi ghafla? Jirani wa nyumba ya pili peke yake ndiye aliyeanza kuvaa mikono mirefu katika joto lile, na mumewe akaanza kunywa chai kimya huku akimtazama.

Fundi miwani mwenyewe alikuwa na vidole vya Afande kwenye kifundo cha mkono, pale alipomshika kila asubuhi wakivuka barabara kwenda shule. Hakuvificha. Alikuwa mdogo sana Afande alipofika kwao mara ya kwanza, kofia mkononi, kumweleza mama yake kwamba mumewe, karani wa bohari aliyekamatwa kwa sababu ya mgomo, ameteleza kwenye ngazi za kituo na kufariki. Alirudi baadaye kutengeneza kufuli la mlango. Kisha akarudi bila sababu, na hatimaye hakuondoka.

Alikuwa baba mwema; hilo halikuwa na ubishi. Alimfundisha binti huyo mchezo wa bilauri: mtu azishike, yeye anyunyizie unga wa makaa, naye mtoto aseme zimeshikwa na nani, na zimeshikwa vipi.

"Anayeshika huacha gumba upande wa pili," alimwambia. "Ukiona kiganja kitupu, vidole vimenyooka, huyo hakushika. Huyo alisukuma."

Mtoto alipopatia, Afande alimwita Inspekta na kumpigia saluti.

Siku chache kabla ya kumbukumbu iliyoandaliwa na wastaafu wenzake, alikuja mkuu wa kituo wa zamani. Aliulizia afya ya mama, akasifu ukimya wa mtaa, kisha akataka kujua fundi miwani amepanga kusema nini, kwa kuwa ndiye aliyeombwa kuzungumza kwa niaba ya familia. Alijibiwa kwamba bado anafikiri.

"Sema mazuri, mwanangu," alisema. "Marehemu hawezi kujitetea."

Alipomaliza chai, alitoa leso akakifuta kikombe chote, ndani na nje, hata kishikio chake, akakirudisha kwenye sahani. Fundi miwani alikitazama kikombe hicho kwa muda mrefu baada ya mgeni kuondoka. Kisha akaenda chumbani, akafungua sanduku la bati.

Ndani yake mlikuwa na koti la baba yake mzazi, alilolivaa siku alipofariki. Afande hakuwahi kuligusa sanduku hilo. Hata alipopaka chumba rangi alilizunguka, akitania kwamba wenye mali wasije wakamshtaki. Kifuniko hakikuwa na alama yoyote. Koti lilikuwa nazo, mgongoni: viganja viwili, sambamba, kovu kwenye gumba la kulia.

Alilipeleka jikoni, akalitandika mezani.

"Ndiye aliyelileta kutoka kituoni," mama yake alisema. "Lazima aliligusa."

"Angelibeba hivi?"

"Basi alijaribu kumshika asianguke."

Fundi miwani alilichunguza koti mbele, mabegani, chini ya kwapa. Magumba yote mawili yalikuwa mgongoni, yamelala kando ya vidole vilivyonyooka. Mama yake naye alikuwa amecheza mchezo wa bilauri miaka yote ile.

"Nilikuwa na mtoto," mama alisema, akipunguza moto wa jiko, "na mlango usiofungika."

Siku ya kumbukumbu ukumbi ulijaa. Mkuu wa kituo wa zamani alisema kwamba marehemu alikuwa na mikono ya kuaminika. Fundi miwani alisimama baada yake, akapandisha mkono wa gauni, akaeleza jinsi walivyokuwa wakivuka barabara.

"Hapa alinishika," alisema. "Gumba mnaliona upande wa pili."

Watu walipiga makofi. Alikuwa na sentensi nyingine tayari mdomoni. Alimtafuta mama yake, akamwona safu ya mbele akiutazama mkoba wake kana kwamba unaweza kuibwa. Akaketi.

Nyumbani, mama yake alimfungulia zipu ya gauni, na mkono ukasita nusu ya njia. Fundi miwani aligeuka, akauangalia mgongo wake kwenye kioo cha kabati. Viganja vilikuwepo, sambamba, vidole vimenyooka, magumba kando.

"Bembea," mama alisema. "Wewe mwenyewe ulikuwa ukimwambia akusukume zaidi."

Alikumbuka. Alikumbuka pia kicheko chake mwenyewe, na hewa. Alilichukua koti kitandani, akalivaa juu ya ngozi. Lilikuwa pana mabegani, lakini alipojinyoosha lilitulia, wino juu ya wino, mahali pale pale. Mama yake, nyuma yake, alinyoosha kola.

"Limekukaa," alisema. Kisha akasema, "Livue sasa. Mkuu wa kituo anakuja kula."

Fundi miwani alilivua, akalikunja, mgongo kwa ndani. Mama alilifunga sanduku. Wakaandaa meza, na mbele ya kiti cha mgeni wakaweka kikombe chake, kilichokuwa bado safi.